Pumzi ya Paskazia

Paskazia alipuliza mpaka macho yakamtoka. Nesi Gladness akatazama kioo cha mashine ya kupima pumzi, akatabasamu.

"Hongera, mama. Mapafu mazima."

Ungedhani kapewa taarifa ya msiba. Kwa miaka mingi alikuwa akibanika sangara kwenye matanuri ya mzee Shigela, kule ufukweni Ilemela, na moshi ulishamzoea kuliko mumewe. Siku hizi hata kupanda mawe kufika nyumbani kwake ilikuwa kazi. Alikuwa akikaa chini njiani, watu wakimsalimia wakidhani anapunga upepo. Alichotaka ni kuhamishiwa dukani, kwenye majokofu. Shigela, mtu asiyeamini kikohozi cha mfanyakazi yeyote, alikuwa amesema wazi: mashine ikikukuta mgonjwa utahama, ikikukuta mzima rudi kwenye moshi.

"Mbona nakosa pumzi?" Paskazia aliuliza, akakohoa mpaka akashika meza.

"Inasema kwa mtu kama wewe, pumzi hii inatosha."

"Mtu kama mimi ndiye nani?"

Gladness akaiinamia mashine. Akakisoma kioo upya, tabasamu limemwisha. "Hebu kakae nje kidogo, mama."

Alipoitwa tena aliambiwa mapafu yana hitilafu, akae mbali na moshi kuanzia leo. Mungu amsamehe, Paskazia alifurahi. Alipiga kigelegele, kikohozi kikamkatisha katikati.

Shigela hakufurahi hata kidogo. Alifika zahanati mwenyewe, jasho likimtoka, na salamu aliisahau.

"Binti, saa nne mzima, saa sita mgonjwa. Na nasikia mnaimba kwaya moja."

"Tunaimba wote, ndiyo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwa hiyo mara ya pili ukamwambia apulize kivivu."

"Hakupuliza mara ya pili. Pumzi ni ile ile ya saa nne."

"Basi mashine yenu mbovu."

"Haijaharibika, mzee. Ndivyo ilivyotengenezwa huko ilikotoka."

Shigela akavuta kiti, akaketi. "Sasa wewe ulibadilisha nini?"

Gladness akamgeuzia kioo aone mwenyewe.

"Inauliza umri, urefu na rangi ya mtu, ndipo iamue pumzi gani inamtosha. Umri sijagusa, urefu sijagusa," alisema. "Nimemwandika Mzungu."