Sanduku la Sisimizi

Alikuwepo Nungunungu mdadisi, na lilikuwepo ghala la mahindi ambalo mlango wake ulisukumwa na sisimizi waliokaa sandukuni. Kamba mbili zikivutwa pamoja, walisukuma. Ikivutwa moja tu, walitulia.

"Shika kamba yako tuvute, bwana," jirani yake Kicheche alimwomba. "Watoto wana njaa."

"Nivute nisichokijua? Ngoja kwanza."

Akachungulia kwenye tundu la sanduku mchana kutwa, mpaka akamjua kila sisimizi kwa jina na kazi yake. Asubuhi wakavuta pamoja, yeye kwa madaha. Mlango ukafunguka, na sandukuni wakatoka mchwa wakijifuta jasho.

"Sisimizi wangu wako wapi?"

"Walihama ulipokuwa umelala. Zamu ni yetu."

Nungunungu akafungua kinywa awaulize majina, akaona watoto wameshajaza mashavu mahindi, akacheka, akakitumia kinywa kula.