Kadi Inasema Anasikia

Mtoto alikuwa kiziwi, na kadi yake ilisema anasikia.

Baba yake aliibamiza ile kadi juu ya meza ya sista wa wodi ya wazazi. Sista alikuwa akitafuna karanga na kutemea maganda kwenye mfuniko wa chupa. Baba mtu aliyaangalia yale maganda yenye mate, akausukuma mfuniko kando.

"Soma."

"Naijua hiyo kadi, Fundi. Niliiandika mimi."

"Basi soma ulichoandika."

Masikio mawili, yote yamepita. Chini ya maandishi ilibanwa karatasi ya mashine ya kupimia masikio, ndogo kama tiketi, na mistari yake inayopanda na kushuka.

Fundi ndiye aliyetengeneza mashine zote za hospitali ile, tangu mizani ya watoto mpaka jenereta. Miaka kumi na saba. Jenereta ilikuwa imemharibia sikio la kushoto, na mtu akitaka kusikika alisimama kuliani kwake. Kitu kimoja tu kilimtia kichefuchefu: mtu kukabidhiwa mashine nzima, halafu akaifanyia kazi chafu.

Binti yake walimwita Malkia. Bibi yake ndiye aliyeanza. "Malkia haitikii," alisema. "Malkia huitikiwa." Nyumba nzima ikacheka.

Kicheko cha mama yake hakikudumu. Mtoto akiwa na miezi minane alimwambia mumewe, "Baba Malkia, nimeangusha sufuria nyuma yake. Hata kope haikucheza."

Fundi alikwenda kabatini, akatoa kadi. "Mashine imempima. Mashine haina umbea. Huyu ana kiburi tu, na kiburi hicho hakikutoka kwetu."

Kila mara mama alipolianzisha lile neno, kadi ilitolewa kabatini. Mtoto alipofika miaka miwili, baba akaanza kumfundisha kuitika, kwa makofi.

Asubuhi ya leo daktari wa masikio alimpima upya. Hasikii, na hajawahi kusikia tangu azaliwe. Mwalimu wa watoto viziwi alikuwa mle chumbani, na hakumpaka baba mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Tungempata akiwa na miezi sita, mngekuwa mnaongea naye kwa mikono siku nyingi," alisema. "Sasa hivi angekuwa anakuchosha kwa maswali."

Fundi alimwacha mke na mtoto kwenye benchi, akapanda ngazi mpaka wodini.

"Lete daftari la siku ile," alimwambia sista.

"Fundi, nenda nyumbani kwanza ukatulie."

"Lete."

"La miaka mitatu nyuma utalifanyia nini?"

Alilitoa mwenyewe rafuni. Kurasa zilikuwa zimegandana kwa vidole vya watu wanaokula kazini. Aliipata tarehe. Kila mtoto alikuwa na mstari wake, na kila mstari ulibandikwa nakala ya karatasi ya mashine.

Alitazama ya kwanza. Akatazama ya pili. Ya tano akaiinua dirishani.

"Hawa ni watoto wangapi?"

Sista aliyakusanya maganda yake.

"Ishirini na wawili. Na sikio ni moja." Fundi alipitisha kidole juu ya mistari. "Tazama. Linapanda hapa, linashuka hapa, linakatika hapa. Wote. Mmekichomeka kifaa kwenye sikio la mtu mmoja mkabonyeza, mkabonyeza, kama mnapiga mihuri. Hata kulibadilisha sikio mmeona kazi."

"Siku ile wodi ilikuwa imejaa, Fundi. Mashine ilikuwa imelala wiki nzima. Mkuu alitaka kadi zote kabla ya saa sita, akina mama waruhusiwe."

"Mtoto halali, mnaacha kumpima. Mtoto analia, mnaacha. Halafu mnaandika amepita." Alilipiga teke pipa la nepi lililokuwa mlangoni. Harufu ikapanda. "Hili linanuka. Ninyi mnanuka kulishinda. Mwanangu nimempiga kwa sababu ya karatasi yenu. Unanisikia? Nimempiga."

"Nakusikia."

"Basi nitajie huyo mwenye sikio. Simwachi. Namfikisha kwa mganga mkuu, halafu mahakamani, halafu namleta benchini amwangalie Malkia usoni. Ni nani?"

Sista alifuta mikono kwenye aproni. Akaizunguka meza, akaja kusimama kuliani kwake.

"Mkeo alikuwa kitanda cha tisa," alisema. "Kajifungua alfajiri, na wewe ulikuwa na haraka ya kwenda kumwona mtoto. Ulikuwa ndiyo kwanza umeifufua mashine. Nikakwambia nina kadi ishirini na mbili za watoto ambao hawajapimwa. Hata majina ya akina mama hukuyatazama; la mkeo lilikuwemo. Ukakaa kwenye kiti hicho, ukakichomeka kifaa sikioni mwako, ukabonyeza mpaka karatasi ikafika sakafuni. Ukaniambia, kata ubandike, sikio ni sikio."

Karatasi ishirini na mbili. Watoto wengine ishirini na mmoja waliokwenda makwao bila kupimwa. Miaka mitatu na miezi miwili. Maneno aliyokuwa nayo Malkia, ya mdomo au ya mikono: hakuna. Makofi baba yake alianza kuyahesabu palepale karibu na pipa, akafika thelathini na nne, na hayo yalikuwa ya mwaka huu tu.