Mruko wa Chui

Kwa miaka ishirini, filamu za jasusi walizozipenda wanyama wote zilikuwa na jasusi mmoja tu, Chui. Magoti yalipomshinda, Nguchiro mtayarishaji akampa Mondo, paka wa porini, nafasi hiyo. Siku ya kumtambulisha, mashabiki wakaziba mlango wa ukumbi, Kanga akiwa mbele.

“Huyu hatumtaki!” Kanga akafoka. “Chui alivuka korongo kwa mruko mmoja, nikalia machozi. Huyu ataweza?”

“Mama Kanga,” Mondo akauliza kwa upole, “alipokuwa hewani, uliuona uso wake?”

Kanga akafikiri. “Mgongo tu. Kwani?”

Chui, aliyekuja kuaga, akakohoa. “Mgongo ule ni wa Mondo, mama. Mimi hata ngazi naziogopa. Kila penye kuruka, yeye alipakwa madoa kama yangu, akaruka.”

Kanga akamzunguka Mondo mara mbili, akiuchunguza mgongo.

“Kumbe ni wewe!” akasema, sauti imelainika. “Hongera, mwanangu. Basi mambo yamekwisha. Wewe endelea kuruka, na Chui arudi tumwone.”

Mashabiki wakashangilia. Mondo, kwa mazoea, akageuka akawapa mgongo.