Maji Yako Kwenye Sinki

Mama mkwe alibandika sufuria ya maji jikoni kwa mkamwana wake bila hata kuuliza. "Tambi za vifuko huchemshwa, mwanangu. Hazikaangwi."

Mkamwana aliendelea na kazi yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa yai, wa kushoto umejaa chenga za mkate, na vifuko vya unga wa tambi alivyovijaza jibini tangu asubuhi vilijipanga mezani. Miaka sita ya ndoa alikuwa amekula vya kuchemshwa. Akaiepua sufuria iliyokwisha anza kuchemka, akaitua kwenye sinki, akabandika karai la mafuta.

Kifuko cha kwanza kilipasuka. Mafuta yakamrukia mkononi.

"Asiyesikia la mkuu," mama mkwe akasema taratibu, akaishia hapo.

Mkamwana akakiopoa, akakitafuna kikiwa cha moto vilevile, macho makavu. Kisha akabana upya kingo za cha pili kwa uma, akakirudisha kwenye yai na chenga, akakitumbukiza. Kikazama, kikaibuka, kikaiva rangi ya dhahabu. Hakikupasuka. Wala cha tatu.

Mume akaingia akifuata harufu. Mama mkwe naye akasogeza sahani apakuliwe.

"Maji yenu yako kwenye sinki," mkamwana akasema, akakivunja cha pili kwa meno. "Bado ya moto."