Nyumba Aliyoivuta Siwema

Mnana, ndege fundi wa kusuka viota, alikuwa akijenga nyumba ili amuoe Siwema, mnana jike wa mti wa pili. Kila jioni alimwita Kipepeo atue juu ya nyumba hiyo aipime. Kipepeo alipenda kusifu. Alitua, akasema, "Imara kama jabali, fundi! Haikutikisika hata kidogo."

Nyumba ilipokamilika, Siwema akaja kuitazama. Hakuisifu wala hakuingia. Aliuma jani moja kwa mdomo wake, akavuta. Ukuta mzima ukafumuka, ukaanguka chini.

"Umenivunjia nyumba!" Mnana akapiga kelele.

"Afadhali niivunje mimi leo ikiwa tupu," Siwema akajibu, "kuliko upepo uje uivunje makinda wakiwa ndani."

Mnana alinuna mpaka njaa ikamuuma, kisha akaanza kusuka upya. Alipomaliza ukuta wa kwanza tu, Kipepeo akawahi kuusifu.

"Ahsante, ndugu yangu, lakini leo nipishe kidogo," Mnana akamwambia. Kisha akaita, "Siwema, njoo uvute kabla sijaezeka! Vuta kwa nguvu zako zote."

Siwema akavuta mpaka akaning'inia. Ukuta haukulegea.

"Haya, ezeka," akasema akicheka. "Halafu upeleke posa kwetu."