Sindano ya Karanga

Wewe umewahi kuona paka akichomwa sindano, na anayetetemeka akawa mwenye paka? Asubuhi ile Bi Mize alishatoboa machungwa matatu kwa kujifunza. Daktari wa mifugo alimwambia paka mwenye kisukari hula kwanza, ndipo akachomwa. Lakini paka wake, Karanga, alinusa tu dagaa wake, akaiendea ndoo ya maji.

"Kula, mwanangu, usinitie wazimu!"

Mumewe, Mzee Shaame, alikaa, akasimama, akakaa tena. Kiu, mkojo usiokwisha, kukonda. Daktari alizitaja dalili za paka, yeye akazihesabu mwilini mwake. Kopo lake la tatu la maji lilikuwa tupu, na jua halijapanda.

Mwishowe Karanga alikula. Bi Mize akaivuta ngozi ya shingo, akachoma. Paka hakugeuka hata. Aliendelea kulamba sahani.

"Ndiyo basi?" Shaame aliuliza.

"Ndiyo basi. Nyinyi wanaume mnavyoiogopa sindano, mtu angedhani mkuki!"

Shaame alilifunika kopo kwa kiganja, kama mwenye kuficha kitu.

"Mize, na mimi nipeleke hospitali nikapimwe."