Mtungi wa Ghorofa ya Sita

Programu ya usafirishaji kwenye simu ilimwahidi Mwanahawa malipo ya kufikisha mtungi wa gesi getini tu. Lakini mteja, Bi Rehani, aliishi ghorofa ya sita, miguu imemvimba, na lifti ilikuwa mbovu. Mwanahawa akaegesha pikipiki, akajitwika mtungi, akapanda. Ghorofa ya nne simu ikalia: kazi nyingine, yenye malipo mazuri zaidi. Akaiacha ipite.

"Mwanangu, na ngazi wanakulipa?" Bi Rehani akamuuliza mlangoni.

"Hapana, bibi. Ngazi hawazihesabu."

Akaufunga mtungi kwenye jiko, akapaka povu la sabuni kuhakikisha hauvuji, akawasha jiko. Bi Rehani akainjika birika.

"Basi huondoki bila chai."

Mwanahawa akasita, kisha akaketi kizingitini, jasho likimtiririka, akiutazama moto wa buluu.